Hivi walimu wa gym tunawalipa watufundishe au watuhesabie?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naomba nitoe la moyoni. Mods, tafadhali msiuunganishe huu uzi na ule wa kupunguza kitambi, haya ni mambo mawili tofauti.

Nazungumzia gym zetu hizi za Dar, za vioo, kiyoyozi na muziki wa kupasua masikio. Unalipa elfu hamsini kwa mwezi. Ukitaka mwalimu wako peke yako, ongeza laki na nusu. Halafu kazi ya huyo mwalimu ni kusimama pembeni na simu mkononi: "Sita... saba... kaza mkuu... bado mbili!" Ukimaliza anaongeza pleti, zile sahani za uzito za kwenye chuma. Kuhesabu hadi kumi nilifundishwa chekechea, tena bure.

Juzi kaingia dogo mmoja mgeni kabisa, unamwona tu hajawahi kushika chuma. Mwalimu kampeleka moja kwa moja kwenye dedilifti, lile zoezi la kunyanyua chuma kirefu chenye pleti kutoka sakafuni. Hakumwonyesha asimame wapi wala ashike vipi. Kampakilia pleti za kilo kumi kumi, mbili kila upande, akamwambia "vuta". Dogo kavuta. Mgongo ukapinda kama upinde, magoti yakanyooka kabla chuma hakijavuka hata ugoko, kiuno kikabaki peke yake na kilo sitini, pamoja na chuma chenyewe. Mwalimu anapiga makofi: "Safi sana, mnyama!" Safi ipi? Yule dogo kesho yake atashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, atasema mazoezi yamemkubali.

Na hapo kuna jambo ambalo hata wenye gym hawalijui, au wanalijua na hawajali. Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45. Ukizifunga, chuma kinakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni, na vipimo vyote vya dedilifti unavyoviona kwenye video vinaanzia urefu huo. Sasa zile za kwetu za kilo kumi ni vidude vidogo, chuma kinalala juu kidogo tu ya kifundo cha mguu. Mtu mrefu, nyonga zimekaza kwa kukaa ofisini kutwa, unamtaka ashuke mpaka pale na mgongo ubaki umenyooka? Haiwezekani. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao, unaviweka chini ya pleti kila upande, chuma kinapanda. Fundi seremala yeyote anakupa mabaki bure. Nilimwambia mwalimu, akanijibu, "Bro, hapa hatujengi nyumba." Nikanyamaza, maana ningesema neno ningefukuzwa.

Mtu anayejifunza anatakiwa aanze na chuma kitupu, tena chuma kamili cha wanaume peke yake ni kilo 20, si mchezo kwa asiyezoea. Kikimzidi, bomba la plastiki la maji kutoka hardware linatosha kabisa. Wanaonyanyua vyuma vya Olimpiki huko duniani ndivyo wanavyoanza, na fimbo tu mkononi mpaka mwili ujue njia. Kwenye dedilifti, chuma kiwe juu ya katikati ya wayo, nyonga zirudi nyuma, kifua mbele, kwapa zikazwe, ukaze chuma kwanza mpaka usikie kimegusa pleti ka! ndipo usukume sakafu kwa miguu. Kumwelekeza mtu haya ni dakika kumi. Dakika kumi hizo hazipo, ila dakika arobaini za kuchati zipo.

Skwati, kule kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni, nako ni vituko. Wimbo wao mmoja tu: "Goti lisivuke vidole!" Kila mtu anaimbiwa huo huo, mfupi kwa mrefu. Mwenye mapaja marefu ukimzuia goti lisiende mbele, atainamia mbele yeye mwenyewe ili asianguke nyuma, na sehemu ya mzigo uliokuwa wa goti inahamia kiunoni. Goti kuvuka vidole kidogo, kisigino kikiwa chini, ni kawaida. Hata wewe ukishuka ngazi goti linavuka. Lakini thubutu kumweleza, utaambiwa yeye ana cheti.

Halafu pumzi. "Vuta ukishuka, toa ukipanda." Sawa, kwa mzigo mwepesi hamna neno. Ukiwa na mzigo mzito mgongoni unajaza hewa tumboni, unakaza, unashikilia mpaka upite pale pagumu, ndiyo inayoulinda uti wa mgongo. Na hiyo hiyo inapandisha presha ghafla, kwa hiyo mwenye presha lazima aulizwe kwanza na apangiwe mzigo wake. Fomu ya kujiunga pale inauliza jina, namba ya simu na utalipa kwa mtandao gani. Presha haimo. Mgongo haumo. Kuna wazee wa miaka sitini wanakuja pale alfajiri, wakuu, nawaangalia roho juu.

Benchi, pale unapolala chali na kusukuma chuma juu ya kifua, ndiyo inanitisha kuliko yote. Vile vyuma vya usalama vya pembeni, vya kudaka mzigo ukikushinda, vimetolewa viko stoo kwa sababu eti vinabana nafasi. Na vijana wanashika chuma bila kuzungusha kidole gumba, wameona kwenye klipu. Chuma kikiteleza hapo kinatua shingoni au kifuani. Watu wamekufa duniani kwa staili hiyo hiyo. Mwalimu anapita, anaona, anaendelea na soda yake.

Dada zetu ndio wanaonewa zaidi. Akiingia mwanamke anapewa dambeli za pinki za kilo mbili, anasindikizwa kwenye mashine ya kukimbilia, anaambiwa "usibebe vizito utakuwa kama dume". Unyanyuaji wa wanawake uko Olimpiki tangu Sydney 2000, na mwaka huo huo Ruth Ogbeifo wa Nigeria alichukua medali ya fedha kwenye kundi la uzito wa kilo 75. Chuma cha wanawake kipo, kilo 15, chembamba kidogo mkono ukikamate vizuri. Niliuliza pale kama wanacho. Wakacheka.

Wale wa kusukuma chuma juu ya kichwa huku wameegemea nyuma mpaka wanatazama dari, na nyie mnajijua. Zoezi hilo lilikuwa moja kati ya matatu ya unyanyuaji kwenye mashindano ya Olimpiki, likafutwa baada ya Munich 1972, sababu moja kubwa ikiwa watu walilala nyuma mno hadi waamuzi wakashindwa kujua lipi halali lipi si halali. Sasa sisi tunalifanya hivyo hivyo bila mwamuzi, na mwalimu anarekodi.

Najua watakuja wa "si uangalie YouTube mkuu". Nimeangalia sana, na wapo wanaofundisha vizuri kweli. Ila video haikuoni. Wewe unadhani umenyooka kumbe umepinda, mpaka mtu asimame ubavuni akwambie. Angalau ungejirekodi kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga, ukajiona mwenyewe. Pale ukutani kuna bango: MARUFUKU KUPIGA PICHA. Anayeruhusiwa ni mwalimu tu, akitafuta wateja Instagram.

Kinachouma zaidi ni kwamba uswahilini hawana haya mambo. Kule vyuma ni zege kwenye ndoo za rangi na ekseli ya gari bovu, lakini kuna kaka mkubwa mmoja kavaa ndala, hakuruhusu uguse ndoo mpaka ameridhika na bomba tupu. Anakutukana, ndiyo, mpaka mama yako anatajwa. Ila anakutazama kila unaponyanyua. Na unachangia buku.

Povu ruksa, wenye vyeti karibuni mjitetee. Lakini kwanza, kama kuna mtu anamjua mwalimu hapa Dar, Temeke, Ubungo, popote, anayeanza na chuma kitupu na anayeuliza presha kabla ya kuuliza hela, amtaje hapa hapa. Ada ya mwezi ujao ninayo mfukoni na sijaipeleka.