Kipenzi akirudi na jezi ya wengine: tumshangilie au tumzomee?

Mleta mada: Wadau, huu ni mwaka wangu wa tisa Boston na besiboli imenikamata kuliko nilivyotegemea. Jana kazini tumebishana mpaka chakula kikapoa. Mookie Betts alitupa ubingwa 2018 na mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ligi. Februari 2020 uongozi wa Red Sox, timu yetu ya hapa, ukampeleka Dodgers ya Los Angeles pamoja na mwenzake David Price, sisi tukapewa Alex Verdugo na vijana wawili. Julai Dodgers wakamsainisha miaka 12 kwa dola milioni 365, na kabla mwaka haujaisha akabeba kombe. Aliporudi Fenway, uwanja wetu, Agosti 2023, watu walisimama kumpigia makofi. Nami nilisimama. Mwenzangu anasema huo ni upuuzi, adui ni adui. Nyie mnasemaje?

Mkongwe wa Fenway: Umechagua mfano mwepesi, kaka. Betts hakuondoka, aliondolewa. Tuletee Johnny Damon tuone. 2004 tulipomaliza ukame wa miaka 86 bila ubingwa alikuwa na nywele za mabegani na ndevu kama nabii, mji mzima unampenda. Mwisho wa 2005 kachukua milioni 52 za Yankees kwa miaka minne. Yankees, mahasimu wetu wa New York! Na kanyoa kila kitu, maana kule ndevu zilikuwa marufuku. Mei 2006 alipokuja kugonga mara ya kwanza akavua kofia kutusalimia. Nilizomea mpaka sauti ikakauka, na sijutii.

Wa Jangwani: Nyumbani tunayajua haya. Chama alipotoka Simba kuja kwetu Yanga Julai 2024, walewale waliomwita Mwamba wa Lusaka ndio wakaanza kusema kazeeka. Mayele naye alituacha 2023 akaenda Pyramids, na mimi nilimtakia heri, kwa sababu Cairo si Msimbazi. Kuondoka siyo kosa. Swali ni unahamia kwa nani.

Dada wa St. Louis: Naungana na wa Jangwani. Albert Pujols alikaa kwetu Cardinals misimu 11, makombe mawili, kisha akaenda Angels kwa hiari yake, milioni 240. Niliumia, nakiri. Lakini Angels hawakuwa mahasimu wetu, hata ligi ni nyingine. Juni 2019 aliporudi tulisimama kila alipoingia kugonga. Kuna siku akaupeleka mpira jukwaani, yaani katufunga sisi, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Hadi akatoka tena kutusalimia! Mtu asiyejua mchezo angedhani tumechanganyikiwa. 2022 akarudi nyumbani kabisa, na mpira wake wa 700 wa kupeleka jukwaani akaupiga akiwa na jezi yetu.

Mleta mada: Mkongwe, kuna jambo umeliruka. Red Sox walimpa Damon milioni 40 kwa miaka minne hiyohiyo. Tofauti ni milioni 12. Wewe ungekataa? Ukiangalia, aliyembania Damon ndiye aliyemwachia Betts: mmiliki ni John Henry wakati wote ule. Tulimzomea Januari 2023, siku ile ya mpira wa magongo wa barafuni pale Fenway, halafu msimu ulipofunguliwa tukapanga foleni ya tiketi kama kawaida. Damon yeye hakusamehewa.

Mkongwe wa Fenway: Hesabu zako sizipingi. Milioni 12 hata mimi ningezifuata. Ila angeenda kuzifuata kwingine, timu ziko 30! Unanitoka, sawa, unahamia kwa mtani wangu wa miaka yote, kisha unataka nikupigie makofi?

Wa Jangwani: Jezi yake uliichoma?

Mkongwe wa Fenway: Ipo kabatini. Mwanangu aliwahi kuiomba, nikamwambia haimtoshi.