Damu haioneshi mzio, lakini pua haitulii: je, kuna kipimo kingine?

Muulizaji, Nkuhungu, Dodoma
Ndugu zangu, habari za leo. Kila kiangazi, upepo unapoanza kubeba vumbi, pua yangu huziba, macho huwasha, na asubuhi hupiga chafya kumi mfululizo kabla sijanawa uso. Kipimo cha damu kimeonesha kingamwili za mzio (IgE) za jumla ziko juu, ila zile mahususi za utitiri wa vumbi (vijidudu vya matandikoni), chavua na paka zote ziko chini ya 0.35. Nimeambiwa sina mzio. Je, mzio unaweza kukaa puani bila kuonekana kwenye damu?

Mtaalamu wa maabara
Unaweza, ndugu yangu. IgE hutengenezwa pia ndani ya utando wa pua wenyewe, na kwa baadhi ya watu hubaki hapohapo, ikinasa kwenye seli zinazomwaga histamini (kemikali inayoleta chafya na muwasho), huku damu na ngozi vikitoa majibu hasi. Majimaji ya pua yanaweza kupimwa IgE, lakini ni machache na huzimuliwa na maji ya kuoshea, kwa hiyo wagonjwa wengi wa kweli hawagunduliki. Kipimo kinachoaminika zaidi ni daktari bingwa kupulizia puani kiasi kidogo cha kichochezi cha mzio na kuangalia pua inavyoziba. Mwenye pumu asijaribiwe bila tahadhari.

Hiyo IgE ya jumla isikutie hofu, kwani minyoo na kichocho huipandisha sana. Pima choo kwanza. Tena, vumbi tupu hukera pua hata pasipo mzio. Je, chafya hukushika barabarani au chumbani?

Mama wa Kizota
Naongezea jambo moja lililotugharimu safari nzima. Mwanangu alipochomwa vitone vya kipimo cha ngozi mkononi, hata kile cha histamini, ambacho sharti kivimbe kwa kila mtu, hakikuinua ngozi, kwa sababu jana yake nilimpa setirizini, dawa ya kutuliza mzio. Tulirudishwa. Dawa hizo husimamishwa takriban wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari. Kipimo cha damu ndicho kisichoathirika.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Mtaalamu, umenifungua macho: barabarani hukohoa kidogo tu, lakini nikikung'uta godoro, chafya hazikatiki. Kesho napeleka choo maabara, kisha nitamweleza daktari habari ya godoro.