Tupeane uzoefu: mliowahi kumchukua haski mdogo kutoka kituo cha mbwa

Tunu_wa_Tanga
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Minnesota, Marekani, mwaka wa sita sasa. Jumamosi tumemchukua haski jike, wale mbwa wa Siberia wenye manyoya mengi, wa miezi minane, kutoka kituo cha mbwa waliotelekezwa. Jicho moja la bluu, jingine la kahawia. Pale kituoni alijikunja kwenye kona ya kizimba, kimya, mwanangu akasema huyu mpole, twende naye. Usiku wa kwanza hakula wala hakulala, alisimama mlangoni mpaka alfajiri. Usiku wa tatu akaanza kulia. Si kubweka, kulia kwa sauti ndefu kama mtu aliyefiwa, mpaka jirani wa chini akaja kugonga. Leo nimetoka kazini nimekuta sofa limetolewa sufi yote. Kwenye bakuli lake hajagusa kitu cha maana tangu aje. Hali hii inaisha? Karatasi zake zinaonyesha amesharudishwa mara mbili, sitaki kuwa wa tatu.

Mzee_wa_Theluji
Inaisha, dada. Siku tatu za kwanza ni hofu tupu, wiki tatu anakusoma, miezi mitatu ndipo anajua hapa ni kwao. Ule ukimya wa kituoni haukuwa upole, alikuwa ameogopa. Na chakula usimsimamie. Kaa sakafuni, mpe mgongo, usimtazame.

Kamau_Kuku
Mimi niko Kiambu. Wangu waliomnunua kwanza walipenda macho tu. Alipoanza kuchimba bustani wakamtoa. Nikamchukua kituoni akiwa na mwaka mmoja. Wiki ya pili alichimba chini ya uzio akaingia kwa jirani, mama mjane. Kuku kumi na mmoja wa kienyeji, hakula hata mmoja. Nililipa wote na bado nikimuona yule mama barabarani naona aibu. Haski usimwachie kuku, sungura wala paka mpaka umjue vizuri. Na uzio uzike wavu chini ardhini, kwa sababu akishindwa kuruka atachimba.

Neema_Ar
Hapo kwenye paka nakubali. Yetu ilihama yenyewe.

Daktari_Mtarajiwa
Kamau, samahani, lakini kumweka mbwa wa Siberia Kenya ni kumtesa. Mbona mbwa wetu koko wamejaa mitaani na hakuna anayewachukua?

Kamau_Kuku
Sikumleta mimi. Nilimkuta kwenye kizimba, ulitaka nimwache aozee humo? Kiambu mwezi wa saba asubuhi unavaa sweta mbili. Jua likiwaka anashinda ndani kwenye sakafu ya simiti, tunatembea saa kumi na moja alfajiri na usiku basi.

Pwani_Raha
Si umnyoe tu manyoya?

Kamau_Kuku
Hapana! Nilitaka kumnyoa, daktari wa mifugo akanikataza. Wana manyoya tabaka mbili: la ndani sufi, la nje refu linalozuia jua. Ukinyoa ngozi inaungua na huenda manyoya yasirudi sawasawa. Mchane kila siku, hasa msimu wa kupukutisha. Mara mbili kwa mwaka utajaza gunia.

Bin_Kombo
Assalaam alaykum. Tunu, wewe mtoto wa Tanga, na mbwa ndani ya nyumba? Mate yake ni najisi, na unaswali humo humo. Nakuambia kama kaka yako.

Mama_Zuhura
Wa alaykum salaam, Bin Kombo. Mimi niko Ohio, Muislamu, na nina haski mwaka wa nne. Mwanangu wa kiume alikuwa hazungumzi na mtu baada ya baba yake kufariki, sasa anazungumza na mbwa, na siku hizi na mimi. Chumba cha swala mlango umefungwa, mbwa hajawahi kukanyaga. Chombo akikilamba nakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Huku ardhi inaganda kama jiwe, kwa hiyo kila mwezi wa kumi najaza ndoo ya udongo safi naiweka chini ya sinki hadi majira ya kuchipua. Mashekhe wa Kimaliki wana kauli nyingine, mimi nimebaki na ya Kishafii niliyokulia. Lakini usimwambie mtu ametoka kwenye njia kabla hujauliza anaishije.

Bin_Kombo
Nimekuelewa, dada. Mungu amrehemu baba Zuhura.

Ziwani_Kaskazini
Nilikuwa nasoma tu kimya kimya, lakini hapo kwenye kuchimba na kutoroka nimeshindwa. Machi, miaka miwili iliyopita, hapa hapa Minnesota. Wangu alikuwa na miezi kumi, wiki ya tano tangu nimtoe kituoni. Nimetoka zamu ya usiku, nimebeba mifuko, mlango nimeusukuma kwa kiwiko. Alipita katikati ya miguu yangu. Nyuma ya nyumba kuna ziwa, na barafu ya Machi kwa juu ni ile ile ya Januari, ila imeshaoza. Nikamkimbilia huku namwita. Kila nikiongeza mbio naye anaongeza, kwake ulikuwa mchezo. Nilikuwa nimeshapiga hatua tano juu ya barafu niliposikia chini yangu mlio kama kitambaa kinachochanwa. Jirani yangu, mzee mvuvi, akapiga kelele: lala chini! Nikalala kifudifudi, nikarudi kinyumenyume kwa tumbo, maji yameshaingia kwenye mikono ya koti. Mbwa yuko kama mita sitini, amesimama, ananiangalia.

Mke wangu alitoka na kopo la dagaa. Pale nyumbani kila tukifungua kopo alikuwa anakuja mbio hata awe usingizini. Mke wangu akachuchumaa ufukweni, akaligeuzia ziwa mgongo, akavuta kile kidude cha kopo: klak. Kimya. Kisha tukasikia kucha zinakuja juu ya barafu, taratibu, taratibu. Alipofika alitia pua ndani ya kopo na mke wangu akamshika mkanda. Mikono yangu ilitetemeka hadi adhuhuri. Msimkimbilie haski. Mpe mgongo, kimbia upande wa pili.

Neema_Ar
Nimesoma nimeshika kifua.

Daktari_Mtarajiwa
Lakini kosa ni lako, mlango mmoja hautoshi. Weka kizuizi cha pili.

Ziwani_Kaskazini
Nimeshaweka. Nimesimulia ili mwenzangu aweke kabla.

Mzee_wa_Theluji
Ile damu ni ya kukimbia. Wachukchi wa Siberia waliwafuga kuvuta sleji, lile gari la kuteleza kwenye theluji, safari ndefu. Mwaka 1925 dondakoo ilipozuka Nome, Alaska, mbwa walipokezana dawa zaidi ya kilomita 1,000 kwenye theluji, na Togo, haski wa Leonhard Seppala, ndiye aliyekimbia kipande kirefu kuliko wote. Sasa huyo unamfungia sebuleni kwa muda wa saa tisa! Mkimbize saa nzima kabla ya kazi, sofa litapona.

Pwani_Raha
Mlaze chumbani kwenu, kilio kitaisha. Na mpe pilau, nani anakataa pilau?

Neema_Ar
Chumbani usithubutu, hatoki tena.

Mama_Zuhura
Pilau hapana! Kitunguu ni sumu kwa mbwa, zabibu ndiyo kabisa. Wali mtupu na kuku wa kuchemsha. Kulala, weka kizimba chake nje ya mlango wa chumba, awasikie mnavyopumua.

Tunu_wa_Tanga
Jamani ahsanteni. Nimetoka naye saa nzima, kaka mtu kashika kamba, mikanda miwili. Sasa hivi niko sakafuni jikoni, nimempa mgongo, wali na kuku nyuma yangu. Nasikia bakuli linasogea.

Mzee_wa_Theluji
Usigeuke.

Tunu_wa_Tanga
Sijageuka. Anakula.