Mjadala: Picha nzuri ni kamera au ni mpigaji?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii kamati moja ya harusi ilinipigia simu, na wala hawakuomba kuona kazi zangu. Walichotaka kujua kwanza ni natumia kamera gani. Nilipoitaja, nikasikia mtu pembeni anasema, "Ya zamani hiyo." Kazi akapewa mwenye bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Sina kinyongo, hela ni yao. Ila hoja naileta mezani: wateja tumewazoesha vibaya, na sisi wenyewe tumezoea vibaya.

Msimamo wangu ni kwamba mpigaji ndiye anayetengeneza picha. Mwangalieni Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alikuwa seremala, upigaji picha akajifunza mwenyewe, akafungua studio mwaka 1948. Mwanga wake ulikuwa jua la uani, na pazia lake la nyuma la mwanzo lilikuwa tandiko la kitanda chake. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja alipigwa mara moja, basi. Zitazameni zile picha kwa makini: mkono umewekwa panapotakiwa, kidevu kimegeuzwa kidogo, maua ya gauni yanagombana na maua ya pazia, lakini bado macho ya mtu ndiyo yanayokuvuta kwanza. Megapikseli hazimwambii mteja ageuze kidevu.

Sasa ingia ukumbini leo. Kijana ana bodi ya mamilioni, ameiweka "auto", flashi kaielekeza moja kwa moja usoni kwa bibi harusi. Paji la uso linang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa, nyuma giza totoro. Dari ni jeupe! Angeikunja shingo ya flashi ikapige juu, mwanga ungerudi laini. Kuikunja ni bure. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, mpiga picha za michezo

Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Keïta alikuwa na jua, na mteja wake ametulia. Njoo Uwanja wa Mkapa, Simba na Yanga, mechi ya usiku, wewe uko nyuma ya goli na mpira uko upande wa pili. Kwa lenzi fupi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera, mshambuliaji anakuwa kidoti. Hapo unataka milimita 300 kwenda juu, lenzi inayofunguka hadi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), na shata ya 1/1000 ya sekunde, la sivyo mguu wote unatoka na ukungu. Kipaji chako kitakaa benchi.

Na kama ni kutaja wakubwa, mtaje na Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix hapa hapa Dar mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa. Ujuzi wote alibaki nao kichwani, lakini aliporudi kazini alirudi na mkono wa bandia. Kifaa hicho!

Mchangiaji, harusi na picha za familia

Kaka zangu, mnabishana kana kwamba kamera haina upande. Kamera hazikutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara zilikuwa zinasawazisha rangi za filamu ya Kodak kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi za "Shirley". Kadi ya Kodak yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Mpaka leo, mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, ukiiachia yenyewe inachukulia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Bibi harusi ni maji ya kunde au mweusi tii, shela limejaa fremu. Mita inaona weupe mtupu, inapunguza mwanga, uso unazama. Mgeukie bwana harusi mwenye suti nyeusi kwenye ukuta wa rangi iliyoiva: mita inaongeza, uso unapauka. Bei ya kamera haikuokoi hapo. Ninachofanya mimi, napima mwanga usoni tu, au napima kwenye shela naongeza mwanga hatua moja (+1), kisha naangalia kama nakshi za kitambaa hazijaungua kwa mwanga.

Ila mleta mada naye asinikimbie. Uso ukishazama, kwa faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) kutoka kamera nzuri nitauinua ukainuka. Kwenye kamera dhaifu nitainua chenga, vile vidoti vinavyochafua picha.

Mchangiaji mwingine

Mimi nimefunga gripu ya betri (kile kishikio cha ziada chini ya kamera) na kofia kubwa ya lenzi. Kamera ni ile ile, bei imepanda. Endeleeni kubishana.

Mleta mada

Hahaa, huyu wa gripu ndiye anayewajua wateja.

Dada, kwenye shela umenimaliza, sina la kuongeza. Kwa wa Mkapa nakubali nusu. Tatizo letu tunasema "vifaa" kwa mkupuo, wakati bodi na lenzi ni mambo mawili. Lenzi ile inayokuja na kamera, ukivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6. Chukua 50mm ya f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa: inaingiza mwanga karibu mara 10. Ukumbini hiyo ndiyo tofauti ya uso na chenga. Bodi mpya mwakani itaitwa ya zamani, lenzi utaihamishia kwenye bodi nyingine. Kwa hiyo kijana mwenye akiba ndogo nitamwambia lenzi, flashi moja, halafu miezi ya kupiga ndugu zake bure nyumbani. Akija kuniambia kabadilisha bodi kwanza, nitamuuliza alichokosa kwenye ile ya mwanzo ni nini hasa, na wengi hawana jibu.

Swali kwako wa michezo: hiyo 300 ya f/2.8 uliinunua?

Mchangiaji, mpiga picha za michezo

Nakodi. Na wiki ya dabi usipowahi kuweka oda huipati.