Mtoto ahesabu mpaka 20 kwa mdomo lakini vifungo 7 vyamshinda, na karatasi nilizopata ni za theluji!

MamaPP2_Amu:
Asalaam alaykum wenzangu. Niko hapa Amu mjini (Lamu), nina kijana wangu wa miaka 5 yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Kuhesabu kwa mdomo hana shida, moja mpaka 20 aenda mbio hata pumzi havuti, lakini nikimwekea vifungo 7 kwenye mkeka aniambia 9, nikivitandaza kidogo aniambia 11, na ni vile vile vifungo! Sasa shangazi yake alioko Uswidi kamtumia michezo ya hesabu ya msimu wa baridi, nikaenda saiba (duka la kompyuta) nikaprinti karatasi 14, nikafika nyumbani nikaona ni mambo ya kule kule tu: mtu wa theluji wa kubandikwa vifungo, glavu za kutafutiwa pea, pengwini wanateleza juu ya mstari wa namba. Mtoto kaniuliza "mama, huyu mzungu mnene mbona ana karoti usoni?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naombeni ushauri, hizi nizitumie vipi ama nifungie mahamri? Hela ya saiba imeshaenda.

BarazaTu:
Theluji Amu, mwezi wa kwanza, na jua hili la kaskazi? 😂 Mfunze kuhesabu majahazi dada, yako hapo mbele ya nyumba.

MwalimuMalindi:
Waalaykum salaam mamangu. Usifungie mahamri kwanza. Hapo theluji haina makosa, mtoto bado aziimba namba kama wimbo. Hebu muangalie kidole chake, utaona kimegusa kifungo kimoja na mdomo umetaja viwili, ama karudia kile alichokwisha kukigusa. Mimi hapa Malindi kila mwaka napata watoto kama 6 au 7 hivi wa namna hiyo na ni wazima kabisa. Weka bakuli mbili. Kete zote ziwe bakuli la kushoto, achukue MOJA, aseme moja, aitie kulia, asikie ile tak! ndio achukue ya pili. Asiguse tu, asogeze. Akimaliza muulize "ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya toka mwanzo jua bado hajaelewa kuwa ile namba ya mwisho ndio jumla, mrudishe pole pole wala usimkaripie.

Na kama nyumbani kuna bao hio ndio dawa. Lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, kete 64, na ule mchezo wenyewe wa kusambaza ni kete moja shimo moja, mkono haukubali kuruka. Sio acheze bao kamili, hilo hata wazee linawatoa jasho, asambaze tu.

Akishashika hapo ndio utoe huyo mzungu wa karoti. Nendeni ufuoni maji yakiwa yametoka, tengenezeni mipira mitatu ya mchanga mbichi, mkubwa, wa kati, mdogo, aipandishe mwenyewe kwa mpangilio. Halafu dadu. Ikija 4 abandike kombe 4 tumboni, ikija 2 aongeze 2, wa kwanza kufika 10 kashinda. Ni mchezo ule ule wa karatasi yako ila huu aushika kwa mikono.

NdalaZaMsikitini:
Hizo glavu badilisha ndala! Mwanangu nilimpa kazi ya kupanga ndala mlangoni kwetu siku tuna wageni, kulia na kushoto, halafu ahesabu mbili, nne, sita. Ikibaki moja haina mwenzake basi ajua hio ni witiri. Akanogewa, Ijumaa baba yake kaenda nae msikitini nikasikia kazipanga za watu wote kwa SAIZI, wazee wametoka hakuna anaejua yake iko wapi 🙈

BiBarafu:
Mimi nauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa hivo friji langu halilali. Theluji mnayo ndani ya friza bwana! Trei yangu ina vyumba 14, safu 2 za 7, mjukuu wangu ndie anaejaza maji na kila chumba ahesabu. Zikiganda tunatoa 10 kwenye sinia, moja moja, tunaziweka juani tunaenda kupika. Tukirudi "zilikuwa 10, zimebaki ngapi, zimeyeyuka ngapi?" Kutoa huko, na hakuna aliemwambia ni kutoa. Siku nyingine tunaweka moja juani, moja kivulini, moja tumeifunga gunia kama wanavofanya wauza samaki, akisie ipi itadumu. Mara ya kwanza alisema ya kwenye gunia itakufa mbele kwa vile gunia lina joto. Alishangaa!

Na trei ya mayai ya 30 usitupe, ni 6 kwa 5, ikate vipande vitatu vya vyumba 10. Kila chumba kokwa moja ya ubuyu. Akiona safu moja imejaa ajua ni 5 bila kuhesabu.

Mpitanjia_Shela:
Angalieni hivo vifungo na kokwa kama kuna mdogo atambaae, wangu alitia kifungo puani tukazunguka nae usiku.

BarazaTu:
Haya mimi nimenyamaza. Ila swali, kwenye hizo karatasi mbona ile theluji imechorwa kama nyota ya pembe 6 kila mahali? Hawajui kuchora ya 5?

MwalimuMalindi:
Hapo hawakukosea ndugu yangu. Chembe za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe 6, ndio chenga ya theluji huota mikono 6. Hilo nalo ni somo: kata karatasi duara, ikunje nusu, halafu hio nusu ikunje sehemu tatu sawa (hapo msaidie, kwa miaka 5 hawezi). Akate tundu katikati ya ukingo wa nje, mkifungua yako 6. Akate tundu kwenye mkunjo wa ubavu mmoja, mkifungua yako 3! Mwache agombane na hilo. Na shangazi mwambieni kama kwenye zile karatasi kamchora pengwini na dubu mweupe pamoja basi huyo dubu ni wa kaskazini ya dunia na pengwini ni wa kusini, hawajawahi kuonana.

MamaPP2_Amu:
Narudi na mrejesho, leo siku ya nne. Bakuli mbili zimefanya kazi, 7 sasa ni 7 hata nikivitandaza, 12 bado aparaganya. Mtu wa mchanga tulimtengeneza Shela, punda akampitia juu tukiwa tumefika kombe 8, kilio hicho! Jana ndio tukajaribu barafu za bi mkubwa, tukatoa 10, nikapitiwa na maneno ya jirani hapo mlangoni, kurudi sinia ni maji matupu. Nikamuuliza zimebaki ngapi, kaangalia sana, kasema "hakuna". Kisha kaniuliza, "mama, hakuna yaandikwaje?"

BiBarafu:
Yaani wewe na maneno ya mlangoni 😂 Ulimwandikia?

MamaPP2_Amu:
Kaichora mwenyewe kwa kidole ndani ya yale maji, nilimshika mkono tu. Sasa ataka nigandishe nyingine na stima imepotea tangu asubuhi.