Mjadala: Panthers waendelee na Bryce Young au watafute kwotabeki mwingine?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Najua wengi hapa ni watu wa Simba, Yanga, Gor na Arsenal, lakini tupo wachache tunaokesha Jumapili usiku na mpira wa Kimarekani, na wengine mnaishi hukohuko. Naleta hoja inayonisumbua tangu Januari 2026, Carolina Panthers walipotolewa na Rams 34–31 kwenye mtoano, dakika ya mwisho kabisa.

Kwa mgeni wa mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa shambulizi na kuamua uende wapi. Ana kama sekunde tatu hivi, na mbele yake wapo watu watano wa kumkinga. Watano wale wakipwaya, hata awe fundi wa namna gani ataangushwa na mpira wake mkononi. Hilo mlishike, ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Machi 2023 Panthers waliitaka nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi, yaani zamu ya kwanza klabu zinapogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, ambayo ilikuwa ya Chicago Bears. Wakatoa bei ya kuuza shamba: nafasi zao mbili za 2023 (ya 9 na ya 61), ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na juu yake wakamtoa DJ Moore, mpokeaji wao bora. Yaani ili wampate mrusha mpira, walimuuza aliyekuwa akiudaka. Wakamchukua Bryce Young wa Chuo Kikuu cha Alabama, mshindi wa Heisman 2021, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kijana wa sentimita 178 hivi kwenye mchezo ambao wanaomkimbilia ni majabali.

Msimu wa kwanza walishinda mechi 2, wakafungwa 15. Aliangushwa mara 62. Kocha Frank Reich alifukuzwa baada ya mechi 11, na kabla ya hapo kazi ya kupanga mashambulizi alikuwa ameshampa msaidizi wake Thomas Brown, akamnyang'anya, kisha Reich alipoondoka ikarudi kwa Brown. Mwanafunzi wa udereva anabadilishiwa mwalimu katikati ya mzunguko, tena mjini, tena mvua inanyesha. Uchungu zaidi: kwa kuwa walishika mkia, ile nafasi waliyowapa Bears ikageuka kuwa ya kwanza 2024, na Bears wakamchukua Caleb Williams. Na aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Young, CJ Stroud wa Houston, akawa chipukizi bora wa mwaka upande wa ushambuliaji.

2024 akaja kocha Dave Canales. Mechi mbili tu, kafungwa 47–10 na 26–3, Young akawekwa benchi, akaingia mzee Andy Dalton. Oktoba Dalton akaumia kidole gumba kwenye ajali ya gari, Young akarudi uwanjani, na aliyerudi hakuwa yule. Akawatoa jasho Chiefs, wakamshinda 30–27 kwa teke la mwisho tu. Mechi ya kufunga msimu akawapiga Falcons 44–38, pasi tatu za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani) na mbili akaingia nazo mwenyewe. 2025 timu ikamaliza 8–9 na kuchukua kundi la NFC South, na kule Atlanta alirusha yadi 448, rekodi ya klabu.

Msimamo wangu: wabaki naye, ila wasimpe bado mkataba wa kufuru. Na naongeza jambo ambalo najua litawaudhi wanaompenda: lile benchi la 2024 lilikuwa msaada mkubwa kuliko mengi aliyofanyiwa kabla yake. Naomba kuwasilisha.

Mdau wa Dodoma:
Mkuu, kushinda 8 na kufungwa 9 ndiyo ubingwa? Kundi lenyewe timu tatu zilimaliza sawa kwa 8–9, wakapita kwa hesabu za kando baada ya Falcons kuwafunga Saints. Hapa kwetu timu ikifungwa zaidi ya inavyoshinda, kocha anasindikizwa na gari la polisi. Huko mnamwandikia mashairi.

Dada wa Charlotte:
Kaka wa Dodoma, ungekaa nasi uwanjani 2023 usingecheka. Mimi huu ni mwaka wangu wa tisa mji huu, nilipewa tiketi ya bure kazini na bado niliona nimeibiwa. Ukimtazama yule kijana kutoka jukwaani ulikuwa unaona jambo ambalo televisheni haionyeshi: anapokea mpira, anainua kichwa kutafuta mtu, na tayari kuna mtu kifuani. Mechi za mwisho alikuwa anakimbia hata pasipokuwa na hatari, macho yako kwa wanaomjia, hayako tena kwa wenzake. Mtu akishafika hapo, hata ukimpa ukuta wa chuma atakimbia tu.

Na msidhani fujo ilikuwa kwa wachezaji peke yao. Desemba 31 mwaka huohuo mwenye timu, David Tepper, alimmwagia kinywaji shabiki wa Jacksonville, ligi ikampiga faini ya dola 300,000. Nyumba ambayo baba anarusha glasi, mnamuuliza mtoto kwa nini anatetemeka?

Waliposhtuka ndipo wakamnunulia walinzi wawili, Robert Hunt na Damien Lewis, mikataba inayofika dola milioni 150 kwa jumla. 2025 wakamletea Tetairoa McMillan wa kudaka, akavuka yadi 1,000 msimu wake wa kwanza. Kijana akainuka. Huo ni ushahidi wa kutosha kwangu. Lakini lile la benchi siliafiki, mleta mada. Aliwekwa benchi kwa sababu walimkatia tamaa. Bila ile ajali ya Dalton angekuwa klabu nyingine leo. Bahati msiiite mpango.

Mdau wa Nairobi:
Mimi niko upande wa kubadilisha, na sitaki mtu aniambie sina huruma. Huruma si hoja, hoja ni hesabu.

Kwenye NFL, ligi yenyewe, kila klabu ina kikomo cha mishahara. Chipukizi hata awe wa kwanza analipwa kidogo ukilinganisha na soko: mkataba wa Young wa miaka minne ni kama dola milioni 38 zote kwa pamoja. Dak Prescott wa Dallas alisaini 2024 kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo miaka ile minne ya bei rahisi ndiyo wakati wa kununua hao akina Hunt na Lewis. Kijana akishaanza kulipwa kama mkubwa, pesa ya walinzi inatoka wapi? Panthers wameshakula mitatu kati ya hiyo minne, na kilichopatikana ni 8–9. Sasa mnataka waingie kipindi cha bei ghali na mtu ambaye bado tunabishana kama anaweza?

Tazameni waliothubutu. Arizona walimchagua Josh Rosen 2018, wakashinda mechi 3, mwaka uliofuata wakamwacha na kumchukua Kyler Murray, na kufika 2021 walikuwa kwenye mtoano. Rams walikuwa na Jared Goff aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi, bado wakamtoa wakamleta Matthew Stafford, na msimu uleule wakabeba kombe. Bears wenyewe walimwacha Justin Fields wakamchukua Williams. Wote waliitwa wakatili.

Mleta mada:
Bosi wa Nairobi, hesabu zako ni safi, ila mfano wa Bears umeula nusu. Williams mwaka wake wa kwanza aliangushwa mara 68, timu ikashinda 5 tu. Mtu yuleyule, jezi ileile, 2025 wakamletea kocha Ben Johnson na ukuta wa mbele mpya, wakashinda mechi 11 na kuchukua kundi. Kama kubadilisha mtu kungetosha, mwaka ule wa 68 usingekuwapo.

Na kuhusu Goff, alipofika Detroit aliwafikisha hatua moja kabla ya Super Bowl msimu wa 2023. Kwa hiyo Rams hawakutoa kibovu. Walitoa kizuri wakapata kizuri kinachowafaa zaidi, tena wakaongeza nafasi mbili za raundi ya kwanza juu yake. Panthers wana kitu gani cha kutoa sasa? Na Stafford wao yuko wapi? Hilo ndilo swali ambalo watu wa "badilisha" huliruka kama dimbwi. Kubadilisha maana yake ni kwa nani.

Halafu kuna hili, na ndilo lililonifanya niandike. 2021 Panthers walimchukua Sam Darnold, kwotabeki kijana aliyevunjwavunjwa na Jets. Wakamchoka. 2022 wakamleta Baker Mayfield, hakumaliza hata msimu. Mwaka uliofuata wakasema hawa wote takataka, ngoja tununue mpya, ndipo wakatoa ile bei niliyoitaja. Mayfield akaenda Tampa Bay, jirani wa kundi lilelile, akachukua kundi 2023 na 2024. Darnold akashinda mechi 14 na Minnesota 2024, na Februari 2026 amebeba Super Bowl na Seattle, 29–13 dhidi ya Patriots. Klabu moja imewahi kuwa na watu wawili wa namna hiyo chumba kimoja, ikawaona hawafai. Sasa jicho hilohilo ndilo mnataka limhukumu Young?

Mdau wa Nairobi:
Umejifunga mwenyewe, bosi. Darnold na Mayfield walistawi baada ya kuondoka. Kama tatizo ni udongo wa Carolina, basi kumsaidia Young ni kumng'oa akapandwe kwingine. Wewe unataka abaki kwenye udongo uleule kwa jina la kumuunga mkono.

Mzee wa Tanga:
Vijana wangu, nimefuatilia mchezo huu tangu enzi za kanda za video alizokuwa akituletea baharia mmoja, nikaupenda bila kujua sheria. Nawaongezea mawili.

Troy Aikman wa Dallas, 1989, alianza mechi 11 akafungwa zote 11. Timu ilishinda moja tu msimu mzima, naye hakuanza siku hiyo. Baadaye akachukua Super Bowl tatu. Sasa upande wa pili wa shilingi: David Carr wa Houston, 2002, aliangushwa mara 76 kwa msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa. Klabu ilimvumilia miaka mitano. Ikamvumilia, narudia, lakini haikumkinga. Hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Kwa hiyo dada wa Charlotte yuko sawa kuhusu macho, na mleta mada yuko sawa kuhusu benchi. Angalau mtu aliyekaa benchi haangushwi. Patrick Mahomes msimu wake wa kwanza, 2017, alikaa karibu wote nyuma ya Alex Smith, na hakuna aliyesema ametupwa.

Ninachoogopa ni neno hili "kumsaidia" kuwa jina la kukaa tu na kungoja. Buffalo walimpata Josh Allen 2018 akifikisha pasi 52.8 kwa kila mia. 2020 wakamletea mpokeaji Stefon Diggs, zikafika 69.2. Wao walinunua. Jets walimngoja Zach Wilson miaka mitatu, na kungoja hakukumfundisha kitu.

Mdau wa Dodoma:
Shikamoo mzee. Lakini Stroud je? Yeye hakuhitaji miaka mitatu. Alianza kwa moto siku ya kwanza.

Dada wa Charlotte:
Stroud huyohuyo Januari 2026 mtoano na Patriots alinyakuliwa pasi nne. Nne, kipindi cha kwanza. Sasa Houston nako wanabishana kama sisi. Kaka, hakuna chipukizi aliyemaliza kukua, kuna ambao bado hawajakutana na mwaka wao mbaya.

Mleta mada:
Marahaba ya mzee naiachia mwenyewe, mimi nijibu la udongo maana limenibana kweli.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Darnold na Mayfield walipita Carolina wakati hakuna aliyekuwa akijenga kitu. Kocha Matt Rhule alifukuzwa katikati ya 2022, Reich akaja, akafukuzwa. Young sasa amekaa na Canales misimu miwili mfululizo, mpokeaji wake namba moja ana mwaka mmoja tu wa ligi, na walinzi waliolipwa wapo. Kwa mara ya kwanza tunaweza kumpima yeye mwenyewe. Ukimng'oa sasa, hutajua kamwe kama ulitoa mti au gugu, utaanza tena na mche mwingine na miaka minne mingine.

Na kwa hesabu ya pesa, kuna njia ya katikati. Mkataba wa chipukizi wa raundi ya kwanza una mwaka wa tano ambao klabu inaweza kuuongeza, uamuzi unatakiwa mwanzoni mwa Mei. Uongezwe. Hapo umepata misimu miwili ya kumtazama bila kufunga ndoa ya dola milioni 50 kwa mwaka. Na kiwekwe pembeni yake kwotabeki mzoefu anayeweza kuanza kweli, asiwe wa kupeperusha taulo, ili siku kijana akipotea apumzishwe wiki tatu bila nchi nzima kusema amekwisha.

Mdau wa Nairobi:
Mwaka wa tano nakubali. Lakini weka masharti hapa tuyaone. Akifanya nini ndipo utasema basi?

Mleta mada:
Ana mechi nzuri sana na mechi ambazo hata yadi 130 hafikishi, zikifuatana. Mechi za namna hiyo ya pili zikibaki nyingi kama 2025, huku ukuta na McMillan wakiwa wazima, nitakuwa wa kwanza kusema tafuteni mwingine. Wakiumia hao, sihesabu.

Mdau wa Dodoma:
Nimenakili. Mkianza 0–4 Septemba naufukua uzi huu.