Dadaab ifungwe au igeuzwe mji?

Kamau wa Juja: 2016 serikali ya Kenya ilisema kambi ya wakimbizi ya Dadaab itafungwa, mwaka uliofuata mahakama ikakataa. 2021 ikatangazwa tena, mwisho Juni 2022. Leo tunaambiwa kuna Mpango wa Shirika, kambi ziwe miji. Magaidi waliposhambulia duka la Westgate tulizika watu 67. Chuo cha Garissa 148. Nyinyi mnaotetea kambi, mnangoja idadi gani?

Binti Hagadera: Usinihesabie maiti kama mimi ndiye niliyewaua. Mmoja wa waliovamia chuo alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo ni wa kambi gani?

Mwalimu Mutua: Huyo mmoja. Na hao wengine? Kambi ilijengwa 1991 kwa watu elfu tisini kama sikosei, wakafika karibu nusu milioni. Nani anajua kila anayelala mle?

Kamau wa Juja: Hata Wakenya wenyeji wa huko walipanga foleni wakajiita wakimbizi ili wale mgao wa bure. Mtu anayekana nchi yake kwa kilo za unga nimwamini vipi?

Binti Hagadera: Kwa kilo za unga, ndiyo. 2011 ukame ulimaliza ng'ombe wetu wote. Mama alituandikisha, mimi nikiwa na miaka minane. Nilipofika 18 nikaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikatoka mkimbizi. Laini ya simu nasajiliwa na shangazi. Kazi sipati. Wewe watoto wako wakilia njaa ungewaambia nini, uzalendo?

Mwalimu Mutua: Dada, pole, lakini mada ni usalama.

Abdi Isiolo: Mwalimu, hiyo ndiyo mada yenyewe! 2014 polisi walisomba watu Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, wakawafungia uwanja wa Kasarani, na Wakenya wenye vitambulisho wakiwemo. Mwaka uliofuata Garissa ikatokea. Msako ule ulizuia nini? Mimi kupata kitambulisho nilipigwa msasa, maswali ya asili yangu, mpaka nimtaje babu wa babu. Rafiki yangu wa Meru alijaza fomu akaenda zake.

Mwalimu Mutua: Rais si alifuta huo msasa Februari 2025?

Abdi Isiolo: Alitangaza. Njoo huku uone foleni.

Kamau wa Juja: Mnaongea vitambulisho. Binamu yangu alikuwa mwaka wa kwanza pale Garissa. Tulikaa mochari ya Chiromo tukiitwa familia moja moja kuangalia miili. Shangazi alimjua kwa soksi. Usiniambie nisihesabu.

Binti Hagadera: Sikujua. Mungu awape subira. Lakini kaka, risasi zilianza alfajiri, na Recce, kikosi maalum cha polisi, kilifika alasiri. Mbona hasira hiyo hujaipeleka kwa waliochelewa? Sisi huku ndio tunaolala karibu na hao wauaji kuliko wewe.

Mwalimu Mutua: Hapo kwa Recce sina jibu.

Kamau wa Juja: Hasira ninayo ya kuwatosha wote. Kambi bado nataka ifungwe. Wewe kitambulisho ulipata mwishowe?

Binti Hagadera: Bado. Nimeambiwa nirudi mwezi ujao na wazee wawili wa kunishuhudia. Mmoja aliyenijua tangu nikiwa mchanga amefariki.

Abdi Isiolo: Ukoo gani, dada? Niandikie, tutafute mzee mwingine.